Fungeni ngitili mapema, na msiifungue yote kwa mara moja

Wafugaji wenzangu wa Misungwi, Magu na Kwimba, mvua za Novemba zikianza tengeni kipande cha malisho cha familia mkifunge; hiyo ndiyo ngitili, akiba ya nyasi za kiangazi. Ngitili tumerithi kwa wazee, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliifufua kwenye maeneo yaliyokuwa yamebaki vumbi tupu. Ng'ombe wasikanyage humo mpaka kiangazi kikolee, Julai au Agosti.

Wengi wanakosea siku ya kufungua. Wanaingiza kundi zima, nyasi zinaisha huku Oktoba bado iko mbele. Igaweni vipande kwa matawi ya miiba. Kimoja kilishwe, na nyasi zikibaki urefu wa kiganja, hamieni kingine. Waanze ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, na maksai, maana hao ndio watakaovuta plau mvua zikirudi. Wengine wana miguu, watembee mbali kidogo. Migunga michanga iacheni ikue, mbuzi wanagombania maganda yake wakati wa ukame. Na moto, jamani! Limeni mkanda mtupu kuizunguka ngitili kabla nyasi hazijakauka.