Kabla ya kuhamishia seva za Lamu kwenye nftables

nftables ni ukuta wa moto wa Linux, yaani kanuni zinazoamua pakiti zipi za mtandao zipite na zipi zitupwe; inachukua nafasi ya iptables ya zamani. Seva ninazotunza ziko kisiwani Lamu, mimi niko Malindi. Nikijifungia nje, dawa yake ni safari: gari kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, kisha vichochoro kwa miguu na kibodi kwapani. Nimewahi kuifunga hiyo safari kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana, ule wa kuruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachoandaa ni njia ya kurudi.

Njia yenyewe si ngumu. Hifadhi kanuni za sasa kwa iptables-save na ip6tables-save, halafu tumia at, amri ya kupanga kazi ya baadaye, kupanga skripti itakayofuta kanuni mpya na kurudisha za zamani baada ya dakika 10. Weka mpya, kisha fungua SSH kwenye dirisha jingine. Usilitegemee dirisha ulilonalo: muunganisho uliokwisha kukubaliwa huweza kuendelea hata kama mpya zote zinakataliwa. Ukiingia salama, ndipo uifute kazi ya at. Na awepo mtu Lamu mwenye ufunguo wa chumba cha seva. Usichague Ijumaa mchana, atakuwa msikitini, wala siku za Maulidi.

Sasa ujue ulipo. Andika iptables -V, utaona legacy (iptables ya zamani) au nf_tables (iptables inayoandika kanuni zake kwenye nftables). Wengi hushangaa hapa. nftables imo ndani ya Linux tangu kerneli (kiini cha Linux) 3.13 ya mwaka 2014, na tangu Debian 10 ya mwaka 2019 amri ya iptables yenyewe huandika huko kama hujaibadilisha. Hatari kubwa ni kuwa nazo zote mbili. Kerneli hupitisha pakiti kwenye kanuni za kila upande. Upande mmoja ukiikubali na mwingine ukaitupa, imetupwa. Unaweza kukesha ukisoma nft list ruleset, orodha ya kanuni za nftables, usione kosa, kumbe kanuni iko kwenye iptables-legacy. Kagua pande zote mbili.

Kutafsiri kanuni kuna iptables-restore-translate. Inasaidia sana, lakini soma matokeo mstari kwa mstari, kwani isichokiweza hukiacha kama maoni yenye alama ya #, na hayo hayafanyi kazi. Orodha za ipset, zana ya kukusanya anwani nyingi kwa ajili ya iptables, ziandike upya kama seti za nftables. Kagua sintaksia kwa nft -c -f kabla ya kupakia.

IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, nayo isisahauliwe. Jedwali la aina ya ip hushika IPv4 tu. Inet hushika zote mbili. Ukiweka sera ya drop humo, yaani kutupa kila kisichoruhusiwa, ruhusu ICMPv6, ujumbe ambao mashine za mtandao mmoja hutumia kutafutana kama majirani, la sivyo IPv6 itakatika.

Kama seva ina Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, angalia mwanzo wa /etc/nftables.conf. Faili la Debian huanza na flush ruleset, nayo hufagia hata kanuni ambazo Docker imezipanga kupitia iptables-nft, na kontena zikakosa mtandao mpaka Docker iwashwe upya. Mimi hufuta jedwali langu tu. Fail2ban, inayofungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi, nayo ibadilishiwe mpangilio wake wa banaction uwe wa nftables.

Mwisho, wezesha huduma ya nftables, zima netfilter-persistent, inayorudisha kanuni za iptables seva inapowaka, kama ipo, kisha washa seva upya mwenye ufunguo akiwa bado amesimama mbele yake.