Chumba cha Chini Kikijaa Maji, Usikimbilie Pampu

Kabla hujakanyaga maji ya chumba kilicho chini ya ardhi, umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu. Kama swichi hiyo iko humo humo chumbani, au maji yameshafika kwenye soketi, usishuke kabisa. Waite watu wa umeme waukate kutoka nje. Maji yakinuka choo, vaa buti za mpira na glavu, na watoto wasisogee.

Kisha tazama nje, maana hapa ndipo wengi huponza nyumba. Udongo uliolowa unausukuma ukuta kwa nje, na maji ya ndani yanausukuma kwa ndani. Ukiyatoa ya ndani yote kwa mkupuo, ukuta hubaki na mzigo wa upande mmoja: unaweza kupasuka, hata kuanguka, na sakafu ikainuka. Mafuriko ya nje yakishapungua, toa kina cha sentimita 30 hivi, weka alama ukutani, uache hadi kesho yake. Alama ikizama tena, udongo bado umejaa, ngoja. Isipozama, endelea kwa theluthi moja ya maji kwa siku. Maji ya kifundo cha mguu kutoka bomba lililopasuka hayana hatari hiyo. Funga koki kuu uyatoe mara moja.

Pampu ya petroli au jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo inaua.

Sakafu ikishaonekana, sasa ndiyo harakisha, kwani kuvu huweza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Toa mazulia na magodoro. Bodi za jipsamu zikate sentimita 30 juu ya alama ya maji, kwa kuwa huyanyonya kama utambi. Zoa matope, osha kwa sabuni, ndipo upake maji ya klorini: kikombe kimoja cha klorini ya maji ya kufulia kwa lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na amonia.

Kuzuia kunaanzia juu ya paa. Rangi ya kuzuia maji ikipakwa ndani pekee mara nyingi hubanduka, kwa sababu maji yanaisukuma kutokea nyuma. Safisha mifereji ya paa, na mabomba yake yamwage maji mita 2 au zaidi kutoka kwenye msingi. Udongo unaozunguka nyumba ushuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Huna hakika unyevu unatoka wapi? Bandika kipande cha nailoni ukutani siku mbili, kingo zote zikiwa zimezibwa. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanapenya.

Maji ya ardhini yakiendelea kupanda, chimba shimo kwenye kona ya chini kabisa, upana sentimita 45, kina 60, uweke pampu yenye boya linaloiwasha maji yakipanda. Bomba lake liwe na vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo yatashuka tena shimoni na pampu itawaka na kuzima hadi mota iungue. Mimina ndoo ya maji kila baada ya miezi michache uone kama boya linainuka bila kukwama. Weka na betri ya akiba, kwa sababu dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme.

Maji yakipandia kwenye tundu la kutolea maji sakafuni, kosa liko kwenye bomba la maji taka, na pampu haitasaidia. Fundi bomba aweke vali ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba hilo, mahali panapofikika, kwani uchafu ukinasa kwenye kifuniko chake haifungi.