Begi la mwindaji kutoka Gikomba: kuchagua begi moja la kazi zote kwa shilingi 4,000

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huwezi kuingia duka lolote Nairobi ukaulizwa unakwenda kuwinda paa au nguruwe mwitu. Lakini mabegi ya wawindaji yapo. Yanakuja Gikomba, soko kubwa la mitumba la Nairobi, ndani ya marobota, yamechanganyika na mabegi ya shule na ya kompyuta, na mara nyingi anayeyauza hajui ameshika nini. Hapo ndipo sisi wenye mfuko mwembamba tunapopatia nafasi.

Mimi hupeleka watu kupanda milima wikendi. Ngong na Longonot ndiyo mkate wa kila siku, kilele cha Satima kule Aberdare na Mlima Kenya mara chache kwa mwaka. Nilianza kama mpagazi, na begi langu la kwanza lilikuwa jipya kabisa, lina mifuko kumi na mmoja. Niliihesabu kwa fahari. Tulipofika nusu ya mzunguko wa kreta ya Longonot, mkanda wa bega la kushoto uling'oka pamoja na kipande cha kitambaa, nikalibeba begi kifuani kama mtoto mchanga mpaka getini. Tangu siku ile nanunua mgongo. Mifuko fundi atashona.

Kwa nini begi la mwindaji? Fikiria kazi yake. Mtu anatoka asubuhi na koti, maji na mkate, halafu jioni anarudi na paja zima la mnyama. Begi lake limeundwa libane likiwa karibu tupu, kisha lipokee mzigo mzito kwa ghafla bila kuyumba. Ukiondoa bunduki na nyama, umebaki na begi la msitu wa Karura Jumamosi, la kilele cha Lenana cha Mlima Kenya mwezi wa Agosti, na la kupeleka unga na sukari ushago Desemba.

Hatua ya 1: Tenga pesa ya fundi kabla ya pesa ya begi

Ukiwa na shilingi 4,000, usiende sokoni na 4,000. Weka 1,000 ya fundi na 500 ya kinga ya mvua. Zinazobaki, 2,500, ndizo za begi. Anayemaliza pesa zote kwa muuzaji hulazimika kutafuta begi lisilo na kasoro, na begi lisilo na kasoro ndilo ambalo kila mtu analitaka. Wewe unatafuta lenye kasoro inayotengenezeka.

Hatua ya 2: Pima mgongo wako kwa kamba

Inamisha kichwa, upapase mfupa unaochomoza pale shingo inapokutana na mabega. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Mwombe mtu anyooshe kamba kutoka ule mfupa wa shingo mpaka mstari unaounganisha vidole gumba, afunge fundo kila upande. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 50, na urefu wa mtu haukuambii kitu: nina rafiki mrefu kama mlingoti ambaye mgongo wake ni mfupi kuliko wangu, urefu wote uko miguuni.

Kamba hiyo ndiyo utakayokwenda nayo sokoni. Kwenye begi, pima kutoka mikanda ya mabega inapoanzia hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Ikipishana na kamba yako kwa zaidi ya vidole vitatu, na begi halina namna ya kupandisha au kushusha mikanda, lirudishe hata kama ni zuri kiasi gani. Hili fundi haliwezi.

Hatua ya 3: Hesabu madebe

Namba ya lita iliyoandikwa kwenye begi, hasa yale mapya ya bei ya chini, imeandikwa na mtu aliyetaka kuuza. Tumia debe. Debe la kawaida ni lita 20. Begi la madebe mawili, yaani lita 40 hivi, linatosha kulala usiku mmoja au miwili ukijibana, na likiwa na mikanda ya kubania pembeni litanywea hadi lionekane la siku moja. Zaidi ya madebe matatu utakuwa unabeba blanketi la tatu kwa sababu tu nafasi ipo.

Hatua ya 4: Sokoni

Gikomba nenda alfajiri, siku ambayo marobota yanafunguliwa. Bidhaa bora, zile wanazoziita kamera, huchukuliwa na madalali kabla jua halijapata nguvu, na ukifika mchana utachagua kwenye fagia, yaani mabaki. Toi, kule karibu na Adams Arcade, bei huanza juu kidogo lakini unaweza kuligeuza begi kwa utulivu bila mkokoteni kukupitia kisigino. Mimi huanza Toi kuona, nikamalizia Gikomba kununua. Simu weka mfuko wa mbele, na pesa zigawe.

Utalijuaje begi la mwindaji? Shika kitambaa chake. Vingi ni laini kama blanketi jepesi, kwa sababu nailoni ngumu hukwaruza vichaka na kumshtua mnyama. Angalia chini au pembeni kama kuna mfuko mdogo unaofunguka na mkanda juu yake: hapo hukaa kitako cha bunduki. Sisi tunaweka fimbo ya kutembelea au miguu mitatu ya kamera, inakaa kana kwamba ilishonewa. Halafu jaribu kulitenganisha begi na fremu yake. Mengine huachia nafasi katikati, ambapo mwindaji hufunga nyama. Hema linaingia hapo, au mtungi wa maji wa lita 10, na uzito unabaki karibu na uti wa mgongo.

Kitambaa laini kina ubaya wake, nisikufiche. Kinakunywa maji, kinachelewa kukauka, na ukipita kwenye kishona nguo utakaa jioni nzima ukichomoa mbegu. Kama safari zako nyingi ni za msimu wa mvua, chagua lenye nailoni nene ya kawaida. Mpenda ndege atakayekaa msitu wa Oloolua bila kutoa sauti achukue lile laini.

Rangi nayo. Yenye madoadoa ya kijeshi yaache hapo hapo, hata ukipewa kwa mia tano. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na mimi sina hamu ya kubishana na askari getini kama begi ni nguo au si nguo. Ukikutana na lile la rangi ya chungwa kali, ambalo wawindaji wa Marekani huvaa wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, lichukue. Kwenye ukungu wa Aberdare namwona mwenye begi hilo kabla sijamsikia akiniita.

Hatua ya 5: Ukaguzi

Hapa usiharakishwe. Muuzaji atakuambia kuna mwingine analitaka. Mwache alitake.

Ingiza pua ndani ya begi kwanza. Ndiyo, pua. Ndani ya kitambaa huwa kuna utando wa kuzuia maji, na utando huo ukizeeka kwenye unyevu huoza polepole: unanata, unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, na unatoa harufu inayofanana na matapishi. Muuzaji atakuambia ni harufu ya robota. Ukikwaruza kwa ukucha na ukapata magamba meupe, au kiganja kikanata, begi hilo limekwisha. Sabuni haitalisaidia.

Kisha fremu. Kwenye mgongo wa begi kuna ala, mara nyingi mbili, ambamo hukaa vyuma vyembamba vya alumini au kipande cha plastiki ngumu. Papasa. Mara nyingi ala zipo na vyuma havipo, vimechomolewa njiani na mtu aliyeona vina thamani peke yake. Begi bila fremu litakunja mgongo wake likibeba zaidi ya kilo saba au nane, na mzigo wote utarudi mabegani. Kama kila kitu kingine ni kizuri, fundi wa Kamukunji anaweza kukukatia bapa mbili za alumini za urefu uleule. Nimefanya hivyo mara mbili. Ila bei lazima ishuke.

Mkanda wa kiuno ndio unaobeba mzigo. Sponji yake ibinye kwa nguvu uachie. Ikirudi, iko hai. Ikibaki na alama ya kidole, au ukisikia mchanga ndani, imekufa. Mkanda mwembamba usio na sponji kabisa, kama wa begi la shule, hufunga tu begi lisiyumbe. Uzito hauubebi.

Mwisho wa ukaguzi, geuza begi ndani nje uangalie mahali mikanda ya mabega imeshonwa. Unataka kuona mshono uliorudiwa mara kadhaa, au wa umbo la sanduku lenye msalaba ndani, na kitambaa cha ziada nyuma yake. Vuta kwa nguvu, mguu ukiwa umekanyaga begi. Ukisikia nyuzi zinalia, kumbuka yaliyonipata Longonot.

Zipu mbovu, klipu iliyovunjika, mfuko uliochanika, doa la damu ambalo hutaki kuuliza lilitoka wapi: hayo yote ni punguzo la bei.

Hatua ya 6: Libebe likiwa na mzigo

Begi tupu huwakaa watu wote vizuri. Mimi huenda na mitungi miwili mitupu ya lita 5, naijaza kwa muuza maji sokoni, na kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, najua nimebeba kilo kumi kamili. Watu watacheka. Wacha wacheke.

Legeza mikanda yote. Funga wa kiuno kwanza, sponji zikae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kisha vuta ya mabega mpaka iguse, isikate. Kisha ile midogo inayotoka juu ya bega kwenda kwenye begi, mpaka mzigo usogee mgongoni. Ya kifua ni ya mwisho. Chuchumaa kama unayefunga kamba za viatu, panda ngazi yoyote iliyopo, ukae nalo dakika kumi huku mkipiga gumzo na muuzaji. Sasa ingiza kidole chini ya mkanda wa bega. Kikipita bila kubanwa, nyonga zimekubali mzigo.

Hatua ya 7: Bei

Begi ninalotumia sasa lilipatikana hivi.

"Hiyo ni kamera, kijana wangu. Elfu tatu na mia tano."

"Zipu imekufa, mama."

"Zipu si ni ya fundi tu?"

"Basi nipunguzie ya fundi."

Alicheka, tukafika 2,300. Sema kasoro ya kweli, moja au mbili, na uitaje kwa bei yake. Ukikandia begi zima, muuzaji atakuuliza kwa nini basi unalitaka, na atakuwa na haki.

Hatua ya 8: Fundi

Mpelekee fundi viatu, si fundi nguo. Cherehani ya nguo haipenyi tabaka nne za mkanda, lakini fundi viatu ana msharasi na uzi uliopakwa nta. Mwambie arudie mishono ya mabega hata kama inaonekana mizima. Zipu isiyoshika, mara nyingi meno ni mazima na kichwa chake ndicho kilichopanuka: akikibana taratibu kwa koleo pande zote mbili, inafunga tena. Kama haikubali, kichwa kipya ni pesa ndogo, na zipu nzima ndiyo ghali.

Mwongeze kazi moja: mfuko wa pembeni wa chupa, ulio wazi juu na unaofikiwa bila kuvua begi. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, kwa hiyo chupa yako ni ya chuma au plastiki ngumu, nzito, na haikai kwenye kile kijifuko cha wavu kilicholegea.

Hatua ya 9: Mvua

Jaketi la begi, lile linalovikwa kwa nje, hupeperuka na upepo na halizuii maji yanayoshuka mgongoni. Nunua mita mbili za karatasi nzito ya plastiki ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya sakafu, utandike ndani ya begi, na nguo na blanketi vikae ndani yake. Juu kunja mara tatu na ufunge kwa kamba. Yangu imemaliza misimu mitatu.

Hatua ya 10: Ngong kabla ya Mlima Kenya

Usilifanyie begi jaribio la kwanza kwenye njia ya Sirimon. Libebe Ngong asubuhi moja, na kilo zilezile utakazobeba safarini, vizito vikiwa katikati karibu na mgongo, blanketi chini. Panapochoma kumbuka, ushuke nalo kwa fundi wiki hiyohiyo. Likishakukaa, chukua kalamu ya wino mzito, uweke alama kwenye kila mkanda pale ulipoishia kuvutwa, maana kuna shemeji au jirani atakayeliazima, na atakurejeshea likiwa limevutwa kwa kipimo chake.