Kuchapa picha ya mikoko kwa ubao na upawa

Wengi wanaojifunza kuchapa picha kwa ubao hapa Unguja hutaka kuanza na karafuu. Mimi huwaanzisha na mkoko. Mkarafuu uliletwa, mkoko ni mwenyeji wa pwani hii, na mizizi yake inayojipinda kama matao hukufundisha upesi kipi uchonge na kipi uache.

Hatua ya 1: Nenda ukautazame

Nenda kwenye daraja la mbao la Pete, karibu na msitu wa Jozani. Chagua siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, mizizi huzama ukarudi na mchoro wa majani matupu. Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) huteremsha mizizi kutoka juu ya shina hadi matopeni. Mchu ni mwingine: mizizi yake myembamba huchomoza matopeni imesimama wima kama penseli. Usiichanganye, mvuvi yeyote ataona kosa hilo mara moja. Wala usivunje tawi. Okota jani lililoanguka, linatosha. Boriti zilizobeba dari za Mji Mkongwe zilitoka kwenye miti hii, nayo imeshakatwa vya kutosha.

Hatua ya 2: Andaa ubao

Plaiwudi ya milimita 4, sentimita 20 kwa 30. Piga msasa laini, kisha upake wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, ukauke. Hapo kila mkato utaonekana mweupe. Hamishia mchoro kwa karatasi ya kaboni, lakini ugeuze kwanza, maana chapa hutoka kinyume. Niliwahi kuchonga maneno chini ya picha, kama jina la kanga, bila kuyageuza. Kazi ya siku tatu ikapotea.

Hatua ya 3: Chonga maji, usichonge mzizi

Hapa ndipo penye kazi. Unachochonga kitabaki cheupe, unachoacha kitashika wino. Kwa hiyo usiuguse mzizi. Ondoa maji na mwanga ulio kati ya mzizi na mzizi. Tazama zile nafasi kama vitu vyenye umbo: moja kama jani, nyingine kama mlango wa msikiti. Ukizipata hizo sawasawa, mizizi itajitokeza yenyewe.

Anza na kisu chenye ncha, ukate pembeni mwa mzizi ukikilaza ili ukingo uteremke kwa nje, chini pawe papana kuliko juu. Ndipo uingize bobari, ile patasi yenye ncha ya mviringo. Ukiruka mkato wa kisu, plaiwudi hubanduka vipande na mzizi mwembamba hukatika. Kina cha milimita moja kinatosha. Mkono unaoshika ubao ukae nyuma ya bobari siku zote.

Kwenye matope usisafishe kabisa. Acha michirizi ya bobari iliyolala. Ikichapwa huonekana kama alama za maji yaliyorudi baharini.

Hatua ya 4: Chapa

Tandaza wino wa mafuta wa kuchapia kwenye kioo, upitishe rola mpaka itoe sauti ya kunata. Paka ubao tabaka jembamba mara tatu au nne. Wino mwingi hujaza mikato. Laza karatasi nyembamba juu yake, kisha sugua kwa mgongo wa upawa mpya ambao haujawahi kuingia kwenye mchuzi. Kile kifuu kilicholainishwa hufuata ubao vizuri kuliko kijiko cha chuma. Anza katikati ukienda nje, inua pembe moja uchungulie, rudi palipofifia.

Chapa ya kwanza ni ya kukagua. Palipozidi weusi, ongeza mkato, ndipo uchape zile utakazozitia namba kwa penseli. Zitundike kwa vibanio. Wakati wa kaskazi zangu hukauka siku mbili au tatu. Masika huziacha karibu wiki nzima kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine.