Bumu likiingia msipigwe, wanachuo wa Tanga

Bumu, yani ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia tu na matapeli nao wanaamka, kwahiyo ukipata meseji "ile hela tuma kwenye namba hii" usijibu, iforwadi kwenda 15040 ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) alafu futa. Akipiga mtu anajiita wa Bodi ya Mikopo anataka PIN, kata simu, hata kuaga usiage.

Geto ndo balaa zaidi, dalali anakurushia picha za chumba kikali Chumbageni anataka hela ya kushikilia leo leo eti kuna mwenzio yuko njiani analipa, we panda boda kakione, omba funguo ufungue mwenyewe, ongea na mwenye nyumba na wapangaji ndo utoe hela.

Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako (kitambulisho cha taifa), usije kuta kuna usiyoijua.