Kinundu, Gamba au Uyoga Kwenye Shina: Jinsi ya Kuutambua Ugonjwa Kabla ya Kuukata Mti

Miti mingi ya mapambo hukatwa bure. Mwenye bustani anaona madoa ya kijivu au uvimbe shinani, anashtuka, anashika msumeno. Kabla ya kufikiria msumeno au dawa, jiulize jambo moja: kitu hiki kimejibandika juu ya gome, au kimetoka ndani ya mti?

Andaa lenzi ya kukuzia mara 10, kisu kidogo chenye makali, maji, na kitambaa kilicholowa spiriti ya asilimia 70. Futa kisu kabla ya kugusa mti na kila unapohamia mti mwingine, maana kisu kichafu ni njia rahisi ya kusambaza vimelea. Kisha uzunguke mti polepole. Angalia shina linapokutana na udongo, mahali pa kubebeshea (palipounganishwa kikonyo na shina la mti mwingine), penye makovu ya kupogoa, panda za matawi, na upande wa chini wa matawi. Gusa majani pia uone kama yananata. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, upate cha kulinganisha mwezi ujao.

Sasa kwangua kwa ukucha. Kikibanduka na kuacha gome zima chini yake, kilikuwa juu tu. Kama ni kikavu, kimekaa kama ukurutu au ndevu za kijivu, za manjano au za kijani, kinyunyizie maji. Kikigeuka kijani zaidi baada ya dakika chache, hiyo ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Likeni hainyonyi mti. Watu huishuku kwa sababu huonekana nyingi kwenye miti iliyodhoofika, lakini mambo huenda kinyume: majani yamepungua kwanza, mwanga ukafika shinani, likeni ikastawi. Iache ilivyo, tafuta kilichopunguza majani. Mara nyingi ni udongo ulioshindiliwa, mizizi iliyokatwa au maji yanayotuama.

Vijipele vinavyolingana ukubwa, milimita 1 hadi 5, vilivyojipanga matawini ni jambo jingine. Hao huenda ni wadudu-gamba, na hudanganya wengi kwa sababu hawatembei na hawana miguu ya kuonekana. Inua kimoja kwa ncha ya kisu. Gamba likitoka peke yake na kumwacha mdudu laini chini, ni aina yenye gamba gumu. Gamba likiwa ndio mwili wenyewe, ni aina laini. Tofauti hii ina maana: wale laini hutoa umajimaji mtamu unaofanya majani yanate, ukaleta sisimizi na ukungu mweusi kama masizi. Wale wa gamba gumu hawautoi, kwa hiyo majani makavu hayakuhakikishii usalama. Kwenye Lagerstroemia, miti ya mapambo, kuna wengine weupe kama vipande vya sufu. Ukiwaponda hutoa majimaji ya rangi ya waridi.

Kabla ya kunyunyizia, ponda kumi. Wanaotoa majimaji wako hai. Wakavu wamekwisha kufa na wamebaki wamenata tu, na hata baada ya tiba kufaulu watabaki hivyo kwa miezi. Zungushia tawi selotepu inayonata pande zote mbili, uikague kila wiki kwa lenzi. Ukiona vidoadoa vya manjano au waridi vimenasa, wachanga wanatembea, na huo ndio wakati wa kunyunyizia, kwa kuwa bado hawana gamba la kuwakinga. Mafuta ya bustani, yaani mafuta mepesi ya kunyunyizia wadudu wa mimea, hutumika kwa mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, kufuatana na lebo. Huua kwa kuziba hewa, kwa hiyo tawi lisilolowa upande wa chini halijatibiwa. Usinyunyizie kwenye jua kali au mti ukiwa na kiu, majani yataungua. Dawa zinazopita ndani ya mti hufika hadi kwenye maua na kudhuru nyuki. Mti unaochanua usipewe kabisa.

Kama ukucha haukubandua kitu, kitu hicho kimetoka ndani ya mti. Kinundu kigumu kilichofunikwa na gome lilelile, kinachokua polepole kwa miaka, kwa kawaida ni fundo la mti, halina madhara. Kulikata ndiko kunakoleta madhara, maana unaacha kidonda kipana. Uvimbe mmoja unaozunguka shina sawasawa mahali pa kubebeshea nao ni wa kawaida.

Uvimbe wa kutilia shaka hukaa karibu na udongo, mizizini au penye jeraha. Huanza laini na mweupe-mweupe, kisha huwa mweusi, mkavu na wenye nyufa. Kata kipande chembamba pembezoni: ukikuta nyama ya sponji isiyo na nyuzi za mbao zilizopangika, shuku bakteria Agrobacterium tumefaciens. Huingia kupitia majeraha, yakiwemo ya mashine ya kukatia nyasi, na kuingiza vinasaba vyake kwenye seli za mti. Baada ya hapo uvimbe hukua hata bakteria wakifa, ndiyo maana dawa haiuondoi. Mti mkubwa wenye nguvu unaweza kuishi nao. Mche mchanga ung'oe pamoja na mizizi, na usipande waridi au jamii ya mpichi mahali hapo kwa miaka kadhaa.

Uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu ni habari nzito kuliko yote haya. Kuvu imekwisha kula mbao ndani, na kuung'oa uyoga hakuponyi chochote. Gonga shina kwa nyundo ya mbao. Mlio wa mtungi mtupu, hasa chini, unataka mtaalamu wa miti aje haraka, na watu wasikae chini yake.

Gome likibonyea, likapasuka na kutoa gundi, kwangua kidogo pembezoni mwa kidonda. Kijani au nyeupe yenye unyevu ni tishu hai, kahawia imekufa. Tawi lililozungukwa na kahawia pande zote litakauka. Likate penye tishu hai, nje ya kola ya tawi (uvimbe wa gome tawi linapoungana na shina), wala usipake rangi kwenye jeraha. Ukitaka kupeleka sampuli maabara, chukua kipande chenye mpaka kati ya palipokufa na palipo hai, ukifunge kwenye karatasi kavu. Kwenye mfuko wa plastiki wenye unyevu huota ukungu wa kawaida, na maabara itakuta huo tu.