Kula bata Tanga kaskazi hii bila kuyeyuka juani

Kila Desemba napata meseji zilezile, shoga nakuja Tanga likizo, tuende wapi, nivae nini. Na mi kila mwaka najibu hivihivi, kabla hujaniambia utavaa nini niambie utatoka saa ngapi. Maana nguo tunazo, sehemu tunazo, bahari ndo hii hapa, kinachowaharibia watu siku ni saa. Upepo wa kaskazi unavuma kuanzia Desemba mpaka mwezi wa tatu masika yakikaribia, joto linapita digrii 30 na hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho halikauki, linakaa tu mwilini. Ukitoka saa nane mchana hata uvae gauni la bibi harusi utarudi umelowa chapachapa.

Nayasema haya kwa uchungu jamani. Bethdei yangu ya miaka 22 niliipanga Jumamosi saa nane, nikashona gauni la satini bluu, nikalipia meza ya kivulini wiki nzima kabla, tunafika meza wamepewa wengine sisi tukawekwa juani, nageuka kutazama bahari maji yamekwenda hukooo, limebaki tope na majani ya bahari yananuka, gauni limelowa makwapani, fandesheni imeshuka mpaka shingoni. Nilijifungia chooni nikalia. Marafiki zangu walikuwa wamechanga hela zao na mi niliona nimewaangusha, tangu siku hiyo sipangi kitu bila kuangalia mwezi.

Ndio, mwezi. Hiki ndo kitu wasichana wa mjini hawakijui na wavuvi wote wanakijua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, ni siku za bamvu, maji yanajaa sana na yanapwa sana, na huku kwetu siku hizo yanajaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwaiyo ukitaka kuoga jioni na bahari imejaa imependeza, panga mtoko wako kati ya tarehe 13 na 18, au 28 mpaka 3. Ukienda tarehe 7 au 22 saa kumi jioni utakuta yamepwa, afadhali kidogo maana siku hizo ni maji mafu hayaendi mbali sana, ila picha ya bahari iliyojaa hupati. Kalenda ya msikitini au ile ya dukani yenye tarehe za Kiislamu inakutosha kabisa, na ukikosa kalenda muulize mzee yeyote pale Deep Sea wanaposhusha samaki, msalimie vizuri kwanza, shikamoo baba, atakwambia mpaka wiki ijayo.

Ukishajua maji, saa ya kutoka ni saa kumi na nusu. Januari jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika 45, kwaiyo una masaa mawili ya mwanga mtamu, ule wa rangi ya asali ambao hauhitaji filta. Raskazone ndo penyewe kwa kuogelea, kuna sehemu za kulipa kiingilio zenye vyoo na pa kubadilishia nguo, na mi naona hiyo hela ina thamani kuliko kubadilisha nguo nyuma ya mti huku mwenzio kakushikia kanga. Sahare nako watu wanapenda. Kama hutaki kulowa kabisa, nendeni bustani ya Jamhuri, pale penye mnara wa saa wa enzi za Wajerumani, mnakaa mnatazama bandari na kile kisiwa cha Toten pale mbele. Hakuna muziki wa kupasua masikio, mnaongea mnasikizana.

Haya sasa nguo. Mi nimesema siku zote na narudia, Tanga kaskazi ni msimu wa dera, ila dera la pamba au viskosi, sio lile la poliesta linalouzwa linang'aa afu ukilivaa unajisikia uko ndani ya mfuko wa nailoni. Muuzaji atakwambia ni kotoni dada, kotoni tupu. Usibishane naye. Nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uwashe kwa kiberiti. Ukiungua ukanuka kama karatasi na kuacha jivu laini linalosagika kwenye vidole, hiyo ni pamba au viskosi, vyote vinapitisha hewa. Ukiyeyuka ukajikunja kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki shoga angu, ivalie msimu wa kusi, kukiwa na ubaridi. Dera nalo halihitaji mambo mengi, mkanda mwembamba kiunoni au uliachie lipepee, sendozi za ngozi, hereni kubwa, miwani, basi. Chini vaa gagulo jepesi la pamba maana kaskazi ikipuliza na jua liko nyuma yako kila kitu kinaonekana.

Na usitoke bila kanga. Sisemi kwa ajili ya urembo tu. Doti moja ukiikata unapata mbili, moja unamwachia mama, nyingine ndo shuka lako la kukalia mchangani, taulo lako, mtandio wako ukipita mitaa ya Ngamiani wazee wamekaa barazani, na ukitoka majini unajifunga lubega unaenda zako. Huu mji una heshima zake na mi nazipenda, unaweza ukavaa utakavyo kule ufukweni lakini njiani jifunike, toa salamu, hakuna atakayekusumbua. Kanga mpya ifue kwanza mara mbili itoke ule ugumu na rangi isije ikakuchora dera. Afu soma jina lake kabla hujanunua jamani! Nimeona mgeni kavaa kanga ya kumtukana mke mwenza kwenye arobaini ya watu.

Usafiri, bajaji zipo na bodaboda zipo, ila kama mnakaa Chumbageni au Ngamiani hebu nendeni na baiskeli, Tanga baiskeli ni jambo la kawaida kabisa kwa mwanamke na jioni upepo unakupiga usoni unafika hujatoa jasho kama kwenye daladala. Shida ni dera na cheni. Cheni iko kulia, kwaiyo pindo la dera lishike upande wa kulia, likunje kwenda juu mpaka lipite goti, livute kwa mbele alafu libane na kibanio kikubwa cha nywele, ndani umevaa taiti. Ukifika unafungua kibanio dera linashuka kama hujafanya kitu. Siku Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, wakicheza uwanja wa Mkwakwani usipite huko jioni, barabara zinajaa watu zote.

Harufu. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana watu wanajimwagia pafyumu ya spiriti nusu chupa na joto linaikausha ndani ya saa moja. Joto letu linataka mafuta na linataka moshi. Nguo ikikaribia kukauka, bado ina ubichi kidogo, ifukize udi, weka chetezo chini, nguo juu ya tundu, dakika kumi zinatosha, ule ubichi ndo unashika harufu. Mwilini paka mafuta ya asumini au ya sandali nyuma ya masikio na kwenye viwiko kwa ndani. Na kama kuna mtu nyumbani anajua kutunga kikuba, mbembeleze. Bibi yangu alikuwa ananituma alasiri, asumini ikiwa bado imefumba, nyeupe ina ncha ya waridi kwa chini, maana inafumbuka usiku. Tunaiweka kwenye kitambaa kibichi. Jioni anakaa mkekani, sindano mkononi, anapitisha asumini tatu nne, jani la rihani, kipande cha mlangilangi, anarudia mpaka kinakuwa kama kishada cha kidole, anakibana na pini kwenye kifua cha dera langu kwa ndani. Naondoka nimenyamaza harufu yenyewe inanitangulia mlangoni. Hakuna pafyumu ya dukani iliyowahi kunifanyia hivyo.

Nywele ni fupi tu. Msuko wa rasta ndo mkombozi, ila kabla hujaingia baharini zilowanishe kwa maji ya bomba, nywele ikishashiba maji baridi chumvi haiingii sana, na ukitoka zisuuze palepale. Losheni ya jua pakeni, hata sisi weusi, SPF 30 kwenda juu, robo saa kabla ya kutoka na mrudie mkitoka majini. Meikapu yangu ya kaskazi ni wanja, maskara isiyotoka na maji, glosi. Fandesheni naiacha kabatini.

Kwenye hina kuna jambo nalisema kwa nguvu zote. Hina halisi inatoka rangi ya chungwa, inaiva kuwa kahawia siku moja mbili baadaye, kwaiyo paka siku mbili kabla ya mtoko. Piko nyeusi ile ya unga wa kupaka nywele ina kemikali inaitwa PPD, kuna ngozi zinaikataa vibaya sana, mikono inavimba malengelenge na alama zinaweza kubaki. Kama lazima uipake basi jaribu kidoa nyuma ya sikio, usubiri siku mbili, ukiwashwa achana nayo. Mi siipaki tena, nimemuuguza ndugu yangu.

Kula. Usiende mtoko na njaa, kula wali wako nyumbani, kule nje ni kuchezesha mdomo tu, mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati ikajazwa chumvi na pilipili, embe za kukata maana msimu wake ndo huohuo, kachori, mishikaki, supu ya pweza kwa wanaoiweza. Dafu ndo kinywaji, mwambie akukatie la urojorojo ule na nyama yake. Mi nikirudi nyumbani nakunywa mtindi wa Tanga Fresh wa baridi nalala kama mtoto.

Hela changeni mapema. Anzisheni grupu la wasapu la hiyo siku peke yake, mmoja mwenye roho ya kuhesabu awe mweka hazina, kila mtu atume kwa simu siku tatu kabla, asiyetuma hajathibitisha. Nauli ya kurudi kila mtu abaki nayo mwenyewe mkobani, hata kama kuna kaka kasema nitawalipia wote. Hasa kama kuna kaka kasema nitawalipia wote. Glasi yako usiiache mezani, usiingie majini peke yako, na mliokuja watano mrudi watano. Nyumbani aga ukweli, mama akijua uko Raskazone na nani na unarudi saa ngapi utapewa ruhusa mara ya pili na ya tatu.

Mkitaka siku nzima nendeni Pangani, kama kilomita 50 kusini, na huko ndo kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bahari. Kile kisiwa bamvu likijaa kinafunikwa chote, kwaiyo mwezi unawahusu tena, siku za bamvu maji yanapwa kama saa nne asubuhi, mnatakiwa muondoke mapema na boti mfike mchanga uko nje. Kofia, maji ya kunywa, na miti msitegemee, haipo. Valeni maboya hata kama yanaharibu picha, mtayavua mkifika.

Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia ndani ya kaskazi, na wengi wanadhani raha imesimama, kumbe inahamia usiku. Mnaalikana futari, leo kwenu kesho kwetu, kila mtu anakuja na sahani yake, baada ya tarawehe mnakaa uani mnapakana hina mnapanga nguo za Idi. Kwangu mi hizo ndo jioni nzuri kuliko za ufukweni, ila usivae dera jipya kwenye futari, weka la Idi.

Picha, futa kwanza kioo cha kamera na pindo la kanga maana chumvi ya bahari inaweka ukungu, jua liwe ubavuni sio nyuma, na mtu wa kupiga ashuke kidogo apige kwa usawa wa kifua. Piga kabla ya kuingia majini na kabla ya kula.

Ukirudi hata umechoka vipi usilitupe dera kwenye ndoo mpaka asubuhi, chumvi na jasho vikilala pamoja vinaacha madoa ya njano yasiyotoka. Lisuuze usiku uleule kwa maji mengi ya baridi, likamue kwa upole, lianike uani kwa ndani nje, kaskazi ikivuma usiku kucha asubuhi utalikuta limekauka.